Swala Mbili Kando ya Benchi

Faili ya Swafia ilisema alifika hospitalini saa kumi na nusu jioni, akiwa amevuja damu nyingi mno. Kikao chetu cha kuchunguza vifo vya wajawazito kilitaka kuandika kwamba alicheleweshwa nyumbani, basi. Uvivu huo ulinikera. Nikaenda Musanda kumuuliza mama mkwe wake, Bi Zuena.

"Tulifika kabla ya adhuhuri, binti yangu," alisema. "Niliswali adhuhuri kando ya benchi lenu. Nikaswali na alasiri papo hapo. Ndipo mkamwita."

Sisi wauguzi huandika saa tunayofungua faili, si saa anayofika mgonjwa. Na saa kumi na nusu ile niliiandika mimi.