Nyeupe Juu ya Damu ya Mzee

Tangu utotoni walimwita Kasuku, kwa sababu alikuwa haishiwi maneno. Maneno yalikuja kuisha, jina likabaki. Siku hizi angeweza kufungua kiwanda asubuhi, akachapa fulana mpaka jioni, akafunga, na sauti pekee aliyoisikia ikawa ya ule mpira unaokwangua wino juu ya wavu wa fremu. Kukiita kiwanda ni kukipa heshima tu. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vioo: meza ndefu ya kuchapia, mashine ya joto ya kukaushia, kamba za kuanikia na dirisha linalotazama ukuta.

Kiwanda kilikuwa cha wanawake wawili, yeye na dada yake mkubwa. Dada alikuwa ameshaonekana wa kubaki hivyo hivyo bila mume, mpaka akatokea mwanamume mmoja mpole, aliyefiwa na mkewe, mwenye watoto, akamwoa na kumpeleka mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Hawakugombana. Kasuku ndiye aliyefunga mizigo ya dada yake na kuisukuma ndani ya buti la basi. Ila simu za kila siku zikawa za kila wiki, kisha zikawa za pale mtu anapokuwa na jambo, na jambo lenyewe likawa adimu.

Basi akaja nesi mmoja, kepteni wa timu ya netiboli ya manesi wenzake, na furushi la jezi za poliesta, rangi ya damu ya mzee. Alitaka namba kubwa nyeupe, mbele na nyuma.

"Nyeupe iwe nyeupe kweli, fundi," alisema. "Mwaka jana tulichapiwa kwingine, tukaingia uwanjani kama tumemwagiwa sharubati."

"Kwangu hilo halitatokea," Kasuku akajibu, na alilisema kwa moyo mweupe.

Akachapa za kwanza. Wino ulikaa vizuri, akazipitisha kwenye joto kali kama alivyozoea kwa fulana za pamba, akazipanga moja juu ya nyingine zikiwa bado za moto, akaenda zake nyumbani. Asubuhi alipoinua ya juu, namba ilikuwa ya waridi. Ya chini yake ilikuwa mbaya zaidi, nyekundu iliyofifia kama ufizi. Akaisugua kwa kidole, ikagoma kutoka. Rangi ya kitambaa ilikuwa imepanda mpaka ndani ya wino.

Akaketi, akatafuta wa kumwambia. Mwenye duka la vioo alikuwa na wateja. Akachukua simu, akaiweka, akaichukua tena.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Kuna nini?"

Ndivyo walivyokuwa sasa, salamu ikiisha tu inafuata *kuna nini*. Akaeleza habari ya jezi.

"Poliesta hiyo," dada akasema, na sauti yake ikachangamka. "Ikipata moto mwingi, rangi yake inageuka kama mvuke, inapanda kwenye wino. Uliweka kijivu kwanza?"

"Kijivu kipi?"

"We Kasuku! Kile cha kwenye kopo lililobonyea, chini ya meza. Hicho ndicho kizuizi. Unachapa kijivu, unakikausha kidogo, halafu nyeupe juu."

Kasuku akainama, akaliona kopo. Siku zote alidhani ni masalia ya wino wa kutupwa. Kumbe miaka yote ile dada alikuwa akiwahi kufika, anatandika kijivu, na yeye akiingia anavuta nyeupe juu ya namba za kijivu alizodhani ni alama za kupangia tu, na kusifiwa kwa mkono wake.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, mama. Na mimi nilikuwepo. Ngoja, huku wananiita. Nitakurekodia yote."

Ujumbe wa sauti ukafika baadaye. Dada alieleza taratibu, kama alivyokuwa akieleza zamani wakiwa wameinama kwenye fremu moja. Tafuta ule wino mweupe wa poliesta unaokauka kwa joto dogo. Shusha joto la mashine. Usipange jezi zikiwa za moto, zitundike zipoe, maana zikibanana zinaendelea kupikana. Na kabla ya kuchapa zote chapa moja, iache siku kadhaa mahali penye joto, kwa sababu rangi nyingine huvizia, inakuja kupanda mteja ameshaondoka.

"Haya, kazi njema," akamaliza. Lakini hakuwa amezima. Kasuku akasikia sufuria, mtoto akilalamika kaibiwa soksi, kisha dada akicheka. Kilikuwa kicheko kirefu, cha kulegea, ambacho Kasuku hakuwahi kukisikia chumbani mle. Sauti ya shemeji ikauliza, "Ulikuwa na nani?"

"Mdogo wangu. Mambo ya kazi tu."

Ujumbe ukaishia hapo. Kasuku akaurudia. Alijiambia ni kwa ajili ya maelekezo, lakini maelekezo aliyaruka, akaenda moja kwa moja kwenye soksi na kicheko.

Badala ya jezi zilizoharibika alinunua nyingine kwa pesa zake. Akachapa moja kama alivyoelekezwa, akaitundika karibu na mashine, na kwa siku kadhaa kila akiingia aliitazama hiyo kabla ya kuweka mkoba chini. Ilibaki nyeupe. Ndipo akachapa zote, kijivu kwanza, na mara mbili alijikuta amesogea pembeni ya meza kumpisha mtu ambaye hayupo.

Nesi alipokuja kuzichukua alizigeuza mbele na nyuma akitafuta kasoro. "Haya sasa! Nyeupe kama yai. Umefanyaje?"

"Dada yangu ndiye anayejua," Kasuku akasema. Nesi akatazama huku na huku kana kwamba dada yuko hapo, akacheka, akaaga.

Chumba kikarudia ukimya wake. Kasuku akampigia dada.

"Zimetoka?" dada akauliza, hata salamu hakungoja.

"Zimetoka vizuri. Sikukupigia kwa ajili ya hizo."

"Kuna nini tena?"

"Hakuna kitu. Nimepiga tu."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za watoto. Kisha mlango ukafungwa, kelele zikabaki mbali.

"Nimetoka nje," dada akasema. "Nakusikia."

Na hapo Kasuku, aliyekuwa haishiwi maneno, akakosa hata moja. Akasimama dirishani akitazama ukuta, simu sikioni. Dada hakukata simu.

"Dada," akasema mwishowe, "huko kukoje?"

"Kuna baridi," dada akajibu. "Watu wa huku ni wazuri. Ila wote walishazoeana kabla sijaja."

Kasuku akavuta stuli, akakaa.