Kizibo Kimoja kwa Kila Ndoo

Kitanda kilikuwa cha turubai, kimetobolewa katikati, na chini ya tundu ilikaa ndoo. Mtoto wa miaka minne alilazwa juu yake, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Kilichopita kwenye lile tundu kilikuwa cheupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Muuguzi alichungulia ndoo, akaandika, akarudi kutafuta mshipa mara ya tatu.

"Maji ya kunywa mnachota wapi?"

"Bombani," akajibu mama wa mtoto. "Na hatuyanywi hivi hivi, dada. Yana dawa. Mama yangu huyu ndiye anayeitia."

Muuguzi akamgeukia bibi aliyesimama ukutani. "Harufu ya dawa mnaisikia?"

Harufu. Mlangoni mwa wodi palikuwa na beseni la maji ya klorini la kukanyagia, na hapo ndipo ilipompokea bibi asubuhi ile, kali, ikamchoma pua mpaka machozi yakamlenga. Miezi minne hakuwa ameisikia.

"Tunaisikia," akasema.

Mtaani walimwita Bibi Kizibo. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa bomba, na kila ndoo ikijaa aliitilia kizibo kimoja cha dawa kutoka kwenye chupa ya buluu. Bomba lenyewe lilipita ndani ya mtaro wa vyoo. Mafundi walilipitisha humo kwa kuwa njia ilikuwa fupi, wakasema watarudi kulihamisha, na mpaka leo wako njiani. Kila mtu alilijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyeondoka bila kizibo chake.

"Bibi, huyu umemtilia kimejaa, mimi umenidondoshea kama dawa ya macho."

"Punguza domo, kitajaa."

Dawa ilipokwisha, miezi minne nyuma, alikwenda mwenyewe hadi ofisini kwa Bwana Maji, yule mkubwa wa mabomba yote ya upande ule. Alikuta mapipa mawili meupe ya dawa yakipakiwa kwenye gari. Dereva akamtania kwamba dawa ya mtaani kwao imepata kazi nzuri zaidi, inakwenda kuogelea hotelini. Bwana Maji hakucheka.

"Wiki ijayo wanakuja wakaguzi. Jaza chupa maji."

"Maji, mwanangu?"

"Maji. Watu waone chupa imejaa. Ni siku chache tu, mama, mzigo uko njiani. Na usinifanye niseme mara mbili. Kile chumba cha nyuma ya bomba unacholala bure na wanao, wanaokitaka ni wengi."

Akajaza. Wiki ya kwanza alimimina akitazama pembeni. Ya pili akazoea. Wakaguzi walikuja, wakaitazama chupa, wakapiga picha, wakaenda zao. Mzigo haukufika. Kufikia mwezi wa pili alikuwa akimkaripia bintiye jikoni.

"Unachemsha nini tena? Makaa unayaokota? Si nimeshatia dawa?"

Na alipoyasema hayo alikuwa anayaamini. Mara mia tatu kwa siku mkono wake ulimimina, watu mia tatu wakamshukuru, na moyo ukachoka kubisha. Bintiye akaiteremsha sufuria.

Mtoto alikufa saa nane mchana, dripu ikiwa nusu. Hawakupewa maiti waende nayo nyumbani. Alizikwa na watu wa afya waliovaa mabuti, mmoja akiwa na pampu mgongoni. Akalipulizia dawa sanduku dogo, juu, chini, pembeni, akapulizia kaburi mpaka udongo ukalowa. Pampu nzima, kwa mtoto mmoja. Bibi Kizibo alisimama karibu kuliko alivyoruhusiwa, akiivuta ile harufu.

Kesho yake Bwana Maji alikuja kutoa pole. Alikaa kwenye kiti pekee, mbele ya chumba.

"Pole sana, mama. Kazi ya Mungu hiyo."

"Nitawaambia watu."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba chupani mna maji."

Bwana Maji alipangusa kiatu chake kwa kidole. "Mimi nilisema, tena tulikuwa wawili tu. Wewe umetia, na mtaa mzima umeona. Sasa mkono ni wa nani, mama?"

Kisha akashusha sauti, kwa upole kama mtoto anayemshauri mzazi. "Na binti yako utaanza kumwambiaje?"

Alipoondoka hakuulizia ile chupa; alijua itaendelea kumiminwa.

Siku ya tatu asubuhi Bibi Kizibo alifungua bomba. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Hakuna aliyetania. Msiba ule ulikuwa umewatia watu adabu: waliosha ndoo kwa mchanga, waliziba midomo ya madumu kwa nailoni safi, na waliozoea kusukumana kwa haraka, leo walisubiri.

Bintiye akafika na ndoo kiunoni, mtoto mchanga mgongoni, uso umevimba. Akaitua ndoo chini ya bomba, ikajaa, akaisogeza miguuni kwa mama yake.

"Mama, leo nitilie viwili. Ndiye huyu tu aliyebaki."

Bibi Kizibo akafungua mdomo.

"Na mimi viwili, bibi," akasema mwanamke wa nyuma, taratibu, kama mtu anayeomba msibani.

"Na mimi."

"Na mimi, mama yangu, nina watoto."

Mkono wa bibi ukainama kuiokota chupa, kama ulivyozoea. Kizibo cha kwanza kikajaa hadi ukingoni, kikamwagika ndooni. Cha pili pia.

Bintiye akapiga magoti, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa maji, akavuta pumzi ndefu, akangoja. Kisha akavuta tena.