Taa Iliyopepesa

Kitu cha kwanza binti alichokiona ni taa. Kaka yake alipochagua kwenye skrini diski ya kujaribiwa, taa iliyopepesa haikuwa ya ile diski ya mtumba. Ilikuwa ya diski ya baba, yenye mkwaruzo pembeni.

Akang'ang'ania ufagio. Labda ni macho yake tu. Yeye kompyuta alizijulia wapi? Shule aliiachia njiani, na chumbani humu kazi yake ilikuwa kufuta vumbi.

Ndani ya diski ile ya baba mlikuwa na video za baba akiongea, kabla ugonjwa wa koo haujamnyang'anya sauti. Siku hizi aliwaita kwa kupiga makofi. Diski nayo ilikuwa imeanza kugonga ndani kwa ndani, tik, tik, na kaka akapiga marufuku kuifungua. Nakala nyingine haikuwepo. Ndiyo maana alinunua ile ya mtumba, pacha wake kwa umbo na ukubwa, ili ahamishie video. Ila kabla ya kuiamini alitaka kuitesa kwanza: kuijaza mwanzo hadi mwisho, kisha kuisoma aone kama imeshika. Jaribio hilo hufuta kila kilichomo. Kwa haraka zake alizichomeka zote mbili pamoja, ili akimaliza anakili hapohapo.

"Bi Kimya, mbona umeganda kama nguzo?" kaka alimtania, kidole kikielea juu ya kitufe. "Nikibonyeza hapa, hamna kurudi nyuma. Niombee."

Tik, tik. Akikosea, atachekwa mpaka achoke. Na akinyamaza?

"Usibonyeze!"

Kaka aliruka kitini. "Heh! Leo kulikoni?"

"Inayogonga ni ya baba. Taa yake ndiyo inayowaka."

"Acha mambo yako, mdogo wangu." Lakini kidole alikiondoa. Akaichomoa ile ya mtumba, taratibu. Kwenye skrini, diski aliyoichagua ikabaki palepale.

Kaka akajishika kichwa. "Mungu wangu. Nilikuwa namfuta mzee."

Makofi yakalia mlangoni. Baba alikuwa amesimama pale, nyusi juu, akiuliza kelele ni za nini. Kaka hakuweza kumtazama.

Binti aliuegemeza ufagio ukutani.

"Tumeogopa, baba," alisema. Kisha likamtoka lile alilolificha tangu baba arudi kutoka hospitali: "Sauti yako nimeanza kuisahau."