Ledi Ormerod

Jina la Desmond Ormerod lilitangazwa Ijumaa, siku tatu baada ya kumzika mkewe, Enid. Alikuwa amestaafu ubunge baada ya miaka thelathini, na sasa mfalme wa Uingereza amempa cheo: ataitwa Lodi, na mkewe angeitwa Ledi.

Binti yake, Rosalind, alilitua gazeti mezani. "Baba, ulijua lini?"

"Wiki sita zilizopita. Barua ilisema iwe siri mpaka itangazwe."

"Hata Mama hukumwambia?"

"Hata yeye."

"Makubwa haya! Mtu hawezi hata kuinuka kitandani, angekwenda kumtangazia nani?"

Miaka yote, chama kikimwambia Desmond nyamaza, alinyamaza. Enid ndiye aliyezunguka na mvua kubisha hodi kwa watu, akimwombea kura huku akimtania: "Siku wakikupa ulodi, mimi ni Ledi. Vyombo utaosha wewe!"

Rosalind alipoondoka, Desmond alipanda chumbani, akaketi upande wa kitanda aliokuwa akilala mkewe.

"Ledi Ormerod," aliita polepole.

Kisha akashuka jikoni, akaosha vyombo vyote, hata kikombe cha Enid, ambacho hakikuwa kimetumika tangu augue.