Chatu Asiyejivua

"Bado hajajivua," Wanzagi alisema kabla Bwana Nyama hajamaliza kushuka kwenye Landrova. "Angalia macho. Kama yametiwa maziwa."

Boniphace, afisa wa wanyamapori ambaye mtaa mzima wa Nyasho ulimwita Bwana Nyama, akachungulia bandani. Nyuma ya wavu chatu alikuwa amejikunja, ngozi imepauka kama jivu.

"Wiki ya tatu hii, mzee. Mtafiti aliyekuachia kesharudi kwao, kibali hakuna, na sheria mpya ya kuua nyoka wa kigeni imeshatoka. Nyoka mwenyewe wa ng'ambo. Akitoroka akazaa, atamaliza kuku na ndege wa ziwani."

"Atazaa na nani?" akadakia jirani, Hyasinta, beseni la samaki wadogo wa furu kichwani. "Labda na mzee! Kila asubuhi anambebaga kwenda kumwotesha jua mwambani. Mimi mume wangu hajanibeba hata siku ya harusi."

Uwanja mzima ukacheka. Bwana Nyama naye akacheka, kisha akavua kofia.

"Mama yangu wa Butiama, mzee, kama wewe. Najua kwa mila zetu nyoka anayejivua hapigwi, ni kama mzazi aliye kwenye uchungu. Ndiyo maana bunduki nimeiacha. Akijivua tu, uje ofisini uniambie. Nakuamini."

"Nitakuja, baba."

Vumbi la gari lilipotulia, Wanzagi alibaki ameshika wavu. Tangu mkewe afariki, miaka sita sasa, chatu yule ndiye aliyekuwa akimngoja aamke.

Mtafiti alimfundisha vizuri: nyoka akikaribia kujivua hulala majini, ngozi ilainike. Akikosa maji, ngozi humganda. Basi wiki tatu nyuma, siku ile ile alipopewa muda mpaka chatu ajivue, Wanzagi alilitoa karai la maji bandani, akalifunika chini ya kitanda chake. Kila siku kavu ilikuwa siku moja zaidi ya kuishi. Ndivyo alivyofikiri.

Jumapili alimpelekea panya. Chatu akarusha kichwa, akamkosa panya, akagonga nguzo. Akarusha tena, akagonga pale pale. Shingoni ngozi ya zamani ilikuwa imembana hadi imepasuka, na kwenye ufa palikuwa na damu.

Hyasinta alimkuta Wanzagi mlangoni amelipakata karai.

"Shemeji, unaoga leo?" Akamtazama yeye, akatazama karai kavu, akatazama banda.

"Ulimnyima maji."

"Nilikuwa nadhani namwokoa."

"Ukimpa, atajivua."

"Atajivua."

"Na Bwana Nyama?"

"Lazima nikamwambie. Aliniamini, Hyasinta. Angenitukana ningemdanganya mpaka mwisho."

Hyasinta akaweka beseni lake chini, akachukua ndoo, akashuka ziwani. Akaenda mara tatu.

Chatu aliingia karaini polepole, pindi baada ya pindi, maji yakamwagika miguuni mwao. Wakakaa. Jua lilipoanza kuinama, ngozi ikanyanyuka mdomoni. Wanzagi akaingiza kidole gumba chini yake, akaivuta taratibu, akapitisha pua, akapitisha shavu. Utando wa maziwa ukabanduka. Jicho likatoka jeusi, safi, linang'aa.

Nje mwanamke alikuwa anaita, anauliza furu hizi ni za nani, zinauzwa? Wanzagi alikuwa anaanza jicho la pili.