Ndege wa Bwana Meli

Miaka minne Maige aliniita mwongo, na miaka minne nilimeza. Mimi Fikirini, niliyechochea makaa melini miaka kumi na mmoja, niitwe mwongo na mtu aliyeyaona maji mengi Chato tu! Kosa langu lilikuwa ndege. Niliwaambia wenzangu wa kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, hapa mgodini Geita, kwamba huko bahari kuu yuko ndege mweusi, mdogo kama mbayuwayu, anayetembea juu ya maji kwa miguu yake. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo nikawa Bwana Meli. Nikisema mvua inakuja, Maige anauliza, "Inatembea kwa miguu?"

Basi Aprili ya mwaka hamsini na mbili tufani ikapiga pwani ya kusini, na huku kwetu upepo ukavuma siku mbili. Asubuhi ya tatu mke wangu Mwaisha akaniita uani. Alikuwa yeye, ndege wangu! Mweusi, kiuno cheupe, bomba la pua juu ya mdomo. Nililia, wala sioni haya kusema. Nilipomshika akanitapikia mafuta yanayonuka samaki, na hata hayo nikayafurahia, maana ndivyo wafanyavyo.

Mwaisha akaleta mtama. Nikamwambia huyu hali mtama. Hula baharini, hulala baharini, nchi kavu huja kutaga tu, yai moja kwa mwaka, ndani ya shimo la mwamba, na mume na mke hupokezana kulilalia. Ardhini miguu haimbebi. Bila maji mapana, huyu haendi popote.

"Basi mpeleke ziwani," akasema. "Lori la Valerian linakwenda Chato saa nne. Nimeshamwomba nafasi."

"Nitampeleka. Kwanza Maige amwone."

"Baba Tabu, ndege anakufa, wewe unamtafuta Maige?"

Sikumsikiliza. Nikamweka ndege chini mbele ya kinu, wenzangu wakazunguka. Akajiburuta kwa magoti, kifua mchangani.

"Kiwete huyu," Maige akasema. "Nchi kavu imemshinda, ndiyo atembee majini? Yaya, Bwana Meli, yaya." Hiyo "hapana" yake ya Kisukuma ilinichoma kuliko vicheko vya wote.

Hatua chache kutoka pale palikuwa na bwawa la tope, yanakomwagwa maji ya dawa ya kuoshea dhahabu. Ng'ombe wa Mihayo walikunywa mle, hawakufika zizini. Kibao cha fuvu nilikipigilia mimi mwenyewe. Nilijua. Mtu asije akanitetea kwamba sikujua. Hata honi ya Valerian niliisikia, akiniita.

"Tazameni, mbwa nyie!" nikasema, nikamrusha.

Akatembea! Wallahi alitembea! Alikunjua mabawa, akashusha miguu, akayakanyaga maji yale ya kijivu akielekea upepo, kama nilivyowaona mara elfu nyuma ya meli. Maige mdomo wazi. Nilicheka kama mwehu, nikampiga Maige begani, nikamwambia sema sasa, sema!

Kisha ndege akafanya kama wafanyavyo kila siku wanapotafuta riziki: akainamisha kichwa huku anatembea, akadonoa maji. Mara ya kwanza, mara ya pili. Akalala ubavu. Miguu ikapiga kidogo, ikaacha.

Maige akafunga mdomo. Akafikiri.

"Aa, kumbe," akasema. "Hata kuku wa Gregory alikimbia hivyo hivyo alipotumbukia mle. Ile dawa inaunguza miguu. Mtupe hata Bwana Meli, atakimbia."

Wakaangua kicheko, wakarudi kazini.

Mwaisha akaja amebeba kikapu alichokitandika pamba kwa ajili ya safari. Akatazama bwawa, halafu akanitazama mimi.

"Wamekuamini?" akauliza.