Mabuti ya Namba Arobaini na Moja

Tresor alipomwambia mama yake kwamba ameshapata njia ya kwenda Libya, Bibiane alikuwa anachambua mukene, wale dagaa wa ziwani, pale Ggaba, na mikono yake haikusimama. Kilio kilikuja kesho yake, na keshokutwa, na wiki nzima. Alipiga magoti, akaita mchungaji, akaita wazee wote wa Kivu, wakimbizi wenzao kutoka Kongo, wanaoishi upande ule wa mji. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Kijana alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto pekee aliyebaki kati ya wanne, na alikuwa amekaa Kampala miaka tisa akingoja karatasi ya kupelekwa nchi nyingine, karatasi ambayo kila mwaka inasemekana iko njiani. Mtu anachoka, jamani.

Msafirishaji hakuwaficha. Gari litawapeleka mpaka Juba, na kutoka hapo watapanda na kushuka, mara gari mara miguu, mpaka jangwani. Huko kuna siku nne za kutembea kwa miguu tu, jua la kupasua kichwa, mchanga na mawe, mti hakuna. "Kila mtu aje na viatu vyake," alisema. "Asiye na viatu vya maana asinisumbue."

Hapo ndipo Bibiane alipofuta machozi. Katika ukoo wao, mtu akianza safari ndefu, mama ndiye humtafutia viatu, na ndiye humvalisha, amepiga magoti, akifunga kamba huku akiomba. Yeye mwenyewe alivalishwa hivyo siku walipoikimbia Bukavu. "Viatu nitanunua mimi," alisema. Tresor akamkumbatia mpaka akamnyanyua juu. Alidhani mama amekubali, maskini ya Mungu.

Sokoni Nakivubo yuko Papa Anselme, Mbukavu mwenzao, anauza viatu vya mitumba. Zamani alikuwa akiongoza wageni kupanda milima, na hakuuzii kiatu kabla hajakuuliza unakwenda wapi.

"Mahali pa jua," Bibiane alimjibu. "Pakavu."

Anselme akarudisha chini buti alilokuwa ameshalishika. "Hapo ndipo watu wetu wote wanapokosea," alisema. "Sisi kwetu ni mvua na matope, basi kiatu kizuri kwetu ni kile kizito kisichoingiza maji. Mtu wa Kivu hata umwambie nini, atashika hiki." Akaligonga lile buti la ngozi. "Juani, Mama Tresor, hiki ni sufuria yenye kifuniko. Jasho halina pa kutokea. Mguu unaivia humo humo."

Akachomoa raba za kupandia mlima, nyepesi, za kitambaa chenye vitundu, soli ngumu. "Hizi zinapitisha hewa. Mwana anavaa ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Basi mchukulie arobaini na tatu. Mguu unavimba kwa joto. Na asivae soksi za nailoni. Akibanwa vidole, siku ya kwanza ni malengelenge, ya pili vidonda, ya tatu hatembei tena. Hapo atarudi, au atabebwa."

Atarudi. Bibiane alilisikia neno hilo moja tu, na moyo ukamruka. Hilo la kubebwa lilimpita kama maji.

"Mabuti hayo ya ngozi," alisema, "ya arobaini na moja unayo?"

Anselme akamkazia macho. "Mama, umenisikia lakini?"

"Nimekusikia vizuri sana, papa."

"Yatamuumiza."

"Ngozi inatanuka."

Kila mtu wa Kivu husema hivyo, na Anselme alikuwa ameshachoka kubishana nao. Akayafunga kwenye gazeti, akitikisa kichwa.

Sasa msikilize mama huyu alivyopiga hesabu zake. Mabuti yataanza kumbana mwana mapema. Akifika Juba miguu itakuwa inawaka moto. Atapiga simu: mama, nimeshindwa. Jangwa atakuwa hajaliona hata kwa mbali. Njiani kurudi nyumbani Bibiane alinunua na beseni kubwa la buluu, la kumkandia miguu kwa maji ya chumvi siku akirudi.

Siku ya kuondoka Tresor aliingiza miguu kwenye mabuti, akasimama, akakanyaga mara mbili. "Yananibana kidogo, mama."

"Yatatanuka, mwanangu."

Bibiane akapiga magoti, akazifunga kamba, akaomba kwa sauti Mungu amfikishe salama. Moyoni aliomba asifike.

Simu ya Juba ilikuja kweli. "Vidole vinaniuma, lakini mabuti ni mazuri, mama. Kila mtu anayatamani." Bibiane akamsihi arudi. Tresor akacheka. Baada ya hapo ikawa kimya wiki tano.

Aliyepiga mwishowe ni Guerschom, mtoto wa jirani, waliyeondoka naye pamoja. Ilikuwa saa sita mchana, Bibiane yuko na mukene wake. "Mama, umekaa chini?" aliuliza, kisha akaanza kulia. Jangwani, siku ya pili, kucha za Tresor zilitoka. Siku ya tatu alikuwa anatambaa.

"Nilikuwa na raba za mwenzetu aliyeishia njiani, mama. Kubwa, zingemwingia. Nilizitoa tangu siku ya kwanza. Akakataa. Alisema, 'Viatu hivi mama alinivalisha kwa mikono yake, akaniombea. Nikivivua nitakuwa nimeivua baraka yake.' Tulimwacha penye kivuli cha jiwe. Tulimwachia maji. Mama, tusamehe, tusingeweza kumbeba."

Matanga yalifanyika bila maiti. Wanawake wa kanisani walijaa chumbani, wakaimba, wakampangusa uso. "Jipe moyo, Mama Tresor," walimwambia. "Wewe ulifanya la mama. Ulimtafutia viatu, ukamvalisha mwenyewe."

"Nyamazeni," alisema Bibiane. "Mimi ndiye niliyemuua."

"Shindwa, Shetani!" wakaitikia, wakamshika mikono.

Papa Anselme alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia magotini. Bibiane akamwona. "Papa Anselme, waambie wewe. Waambie viatu vilikuwa namba ngapi."

Wanawake wakamgeukia. Mzee alilitazama lile beseni la buluu lililosimamishwa ukutani, karatasi ya dukani bado imebandikwa, akakumbuka alivyomwambia kwamba aliyebanwa vidole atarudi, akaelewa yote.

"Vilikuwa saizi yake," alisema. "Vizuri kabisa. Mama hakukosea kitu."

"Amina," walisema wanawake, na wimbo ukaanza tena. Bibiane alipiga kelele kwamba ni uongo, mzee anadanganya, lakini walizidisha sauti ya kuimba, wakidhani ni uchungu tu.